Namna ya Kuboresha Maisha ya Kazi katika Tawi la Benki, Kuanzia Saa ya Kufunga Hesabu

Tawi la benki hufunga mlango wa wateja alasiri, na mpita njia akimwona mlinzi anateremsha geti hudhani kwamba siku ya kazi imekwisha. Ndani taa hazijazimwa. Makeshia wanahesabu noti, mmoja wao anatafuta hati ambayo haikubaliani na kilichoingizwa kwenye mfumo, afisa mikopo ndiyo kwanza anarudi na pikipiki kutoka kwa wadaiwa, na mkuu wa fedha, mwenye mmoja kati ya funguo mbili za kasiki, yuko kwenye simu na makao makuu. Atakayetaka kujua hali halisi ya maisha ya kazi ya watu hawa asiangalie suti na tai zao za asubuhi. Aangalie wanaondoka saa ngapi, na wanaondoka na hofu gani.

Mwongozo huu nimewaandikia mameneja wa matawi ya Tanzania na wasaidizi wao. Nilikaa kaunta kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kusimamia wengine, na nimeamini kabisa kwamba saa mbili zinazofuata kufungwa kwa mlango ndizo zinazoamua kama mfanyakazi wa benki ataipenda kazi yake au ataivumilia tu. Mshahara, bima ya afya na ngazi za vyeo hupangwa makao makuu, na meneja wa tawi hana uwezo wa kuvibadilisha. Saa hizo mbili, hata hivyo, ziko mikononi mwake.

Pima kabla ya kubadilisha chochote

Chukua daftari la kawaida, na kwa wiki mbili kamili ambazo mwisho wa mwezi umo ndani yake, kila mfanyakazi aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka, na sababu iliyomchelewesha ikiwa alitoka baada ya muda wake. Sababu iandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa mfano "nilisubiri ufunguo", "mteja alileta fedha nyingi dakika za mwisho", au "mashine ya kuhesabia iliharibika". Waeleze wote mapema kwamba daftari hilo si la nidhamu, kisha lithibitishe neno lako kwa kutomwita mtu ofisini kwa sababu ya kilichoandikwa humo. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa niliwahi kufanya kazi katika tawi ambalo daftari la mahudhurio lilionyesha kila mtu ametoka saa kumi na moja kamili jioni, siku zote za mwaka, ilhali tulikuwa tukitoka usiku na kugombea daladala za mwisho. Daftari la namna hiyo linamdanganya meneja kuliko mtu mwingine yeyote.

Unapolisoma daftari, weka sheria pembeni yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, bila kuhesabu mapumziko ya chakula. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, huku kazi yote ya siku, ziada ikiwamo, ikiwa haizidi saa 12. Keshia aliyeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa mbili usiku, ukiondoa saa moja ya chakula, amebakiza saa moja tu kufikia kikomo hicho. Akifanya hivyo siku tano mfululizo, amefanya saa 10 za ziada ndani ya wiki moja.

Kuna jambo moja ambalo mameneja wengi hawalitambui. Kifungu cha 17 cha sheria hiyo kinawaondoa kwenye masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa viongozi wa juu. Kwa hiyo meneja wa tawi anaweza kukaa ofisini hadi usiku wa manane na sheria isivunjwe, na hapo ndipo anapojisahau, akadhani kwamba keshia na karani wa dawati nao wako katika hali hiyohiyo.

Fupisha muda wa kufunga

Daftari likisomwa kwa makini, mara nyingi huonyesha kwamba ucheleweshaji una vyanzo vichache vinavyojirudia, na vingi kati yake vinarekebishika bila kuomba kibali cha mtu.

Chanzo cha kwanza ni fedha nyingi zinazofika kwa kuchelewa. Tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa miongozo ya uwakala wa benki mwaka 2013, na kwa jinsi simu za mkononi zilivyopokea miamala midogo, kaunta imebaki na kazi nzito: wafanyabiashara wa jumla, vituo vya mafuta, shule wakati wa ada, na mawakala wenyewe wanaokuja kuweka au kuchukua fedha taslimu. Wateja hawa huja na magunia na mabegi robo saa kabla ya mlango kufungwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia waje mapema. Watembelee walio wakubwa, watano au sita tu, ukakubaliane nao saa ya kuleta fedha, ikiwezekana kabla ya saa nane mchana, na uwape dirisha lao wasipange foleni. Wengi hukubali kwa furaha, maana nao hawapendi kutembea na fedha jioni.

Chanzo cha pili ni ufunguo. Kasiki hufunguliwa na kufungwa na watu wawili, na utaratibu huo ni sahihi wala hauguswi. Lakini mmoja wao akiwa kwenye kikao, tawi zima hukaa linamsubiri. Teua mshika ufunguo wa akiba kwa barua rasmi na kwa makabidhiano yanayosainiwa, kisha weka kanuni kwamba anayejua atakuwa na kikao alasiri akabidhi mapema. Usikubali njia ya mkato ya kumwachia mwenzake funguo zote mbili kwa sababu ya kuaminiana, kwani siku fedha zikipotea wote wawili watakuwa watuhumiwa.

Chanzo cha tatu ni kuacha hesabu yote hadi jioni. Agiza kila keshia apunguze fedha za droo yake mara mbili kwa siku, azipeleke kasikini kwa hati, na alinganishe hesabu yake mchana kabla ya kwenda kula. Kosa la asubuhi likigunduliwa mchana, anayelitafuta anapekua hati arobaini badala ya mia moja na ishirini, na bado anaikumbuka sura ya mteja. Faida nyingine ni ya usalama, kwa kuwa droo haibaki na fedha nyingi kwa muda mrefu. Panga pia kaunta zifungwe kwa kupokezana, ili mmoja aanze kufunga saa moja kabla ya wenzake, na zamu hiyo izunguke kwa wiki ili anayelea mtoto au anayesoma jioni ajue siku zake mapema.

Upungufu wa fedha: usiku ule usiosahaulika

Kila aliyewahi kukaa kaunta anakumbuka upungufu wake wa kwanza. Bunda la noti 100 za shilingi elfu kumi ni milioni moja, na la noti za elfu tano ni laki tano. Mikono iliyochoka ikitoa la kwanza mahali pa la pili, keshia amepoteza laki tano kwa sekunde mbili, naye hatajua hadi jioni. Nakumbuka mwenzangu mmoja, binti aliyekuwa na miezi minne tu kazini, alivyohesabu droo yake mara saba huku jasho likilowesha noti. Msimamizi alisimama nyuma yake akiangalia saa, kisha akasema kwa sauti iliyosikika na wote kwamba hakuna atakayetoka hadi fedha ipatikane. Tulichanga. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, binti akakopa kiasi kilichobaki kwa simu kutoka kwa kaka yake, hesabu "ikafungwa", na kwenye kumbukumbu za benki siku ile haikuwa na kasoro yoyote.

Mchango ule ulionekana kuwa wema, na kwa nia zetu ulikuwa wema, lakini ulitufundisha tabia mbaya kuliko upungufu wenyewe. Baada ya usiku ule, keshia aliyepata ziada hakuiripoti. Aliiweka pembeni kama akiba ya siku atakayopungukiwa. Ziada ya mtu ni upungufu wa mteja fulani, na mteja yule alipokuja kulalamika hapakuwa na kumbukumbu ya kumsaidia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tawi linaloficha upungufu mdogo hujifunza kuficha mkubwa.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Upungufu ukionekana, keshia asimamishe hesabu na amwite msimamizi, na droo ihesabiwe na mtu wa pili ambaye hakuigusa siku hiyo, kwa sababu macho ya mwenye hofu huona anachotarajia kuona. Baada ya hapo pitieni hati mkianza na miamala mikubwa na ile iliyofanywa wakati wa msongamano, mkitafuta makosa yanayojulikana: sifuri iliyozidi, kuweka kulikoingizwa kama kutoa, bunda lililochanganywa. Ulizeni kaunta za jirani kama kuna ziada inayolingana. Video za kamera ziangaliwe kwa saa zinazotiliwa shaka tu. Mkimpata mteja anayedhaniwa kuzidishiwa, apigiwe na msimamizi, kwa lugha ya heshima na bila tuhuma, na si na keshia mwenye machozi kwenye simu yake binafsi.

Weka kikomo cha muda, na kwa maoni yangu saa moja inatosha. Isipopatikana, upungufu uandikwe kama ulivyo, usainiwe na keshia na msimamizi, na watu waende nyumbani. Uchunguzi utaendelea asubuhi kwa akili iliyopumzika.

Kuhusu kulipa, sheria iko wazi kuliko desturi za matawi mengi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara iwapo hasara hiyo ilitokea kazini na kwa kosa lake, iwapo ameelezwa kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na iwapo amepewa nafasi ya kutosha kuyapinga hayo. Kiasi kinachodaiwa hakiwezi kuzidi hasara halisi, na jumla ya makato hayo haiwezi kuzidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Kumlazimisha mtu kulipa yote usiku uleule kwa kukopa kwa ndugu hakumo katika utaratibu huo. Meneja abandike maelezo ya kifungu hiki kwa Kiswahili katika chumba cha chakula, kwa kuwa nimeona wafanyakazi wenye shahada za benki wasiojua kwamba kinawahusu.

Meneja pia achunge kauli yake saa hiyo. "Tutaitafuta kesho, nenda ukapumzike" ni maneno ambayo mfanyakazi huyakumbuka kwa miaka mingi, kama anavyoyakumbuka yale ya kinyume chake.

Malengo na simu za usiku

Upande wa mikopo na mauzo hauna droo ya kufunga, lakini una malengo: amana za kukusanya, akaunti za kufungua, mikopo ya kutoa na mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ya kufuatilia. Malengo yenyewe siyo tatizo. Tatizo huanza pale meneja anapoligawa lengo la tawi kwa idadi ya vichwa bila kuangalia eneo, kisha kila jioni anatuma katika kundi la WhatsApp orodha ya majina yenye nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. Afisa anayehudumia wakulima wa korosho hawezi kuwa na mwezi sawa na anayehudumia wafanyabiashara wa sokoni, kwa kuwa fedha ya korosho huja kwa msimu. Matokeo ya kulazimisha usawa huo yanajulikana: akaunti zinafunguliwa kwa majina ya jamaa na kubaki tupu, na mikopo inatolewa Desemba kwa watu watakaokuwa wadaiwa sugu kufikia Juni.

Kaa na kila afisa mwanzoni mwa robo mwaka, mkiwa na ramani ya eneo lake na kumbukumbu za mwaka uliopita, mkubaliane lengo analoweza kulieleza mwenyewe. Tenganisha yaliyo katika uwezo wake, kama idadi ya wateja aliowatembelea na ubora wa majalada ya mikopo, na yasiyo katika uwezo wake, kama bei ya mazao. Matokeo ya mtu yajadiliwe naye faraghani. Kundi la WhatsApp libaki kwa taarifa za kazi, na baada ya saa moja usiku lisitumike ila kwa dharura ya kweli, mfano mashine ya kutolea fedha imevunjwa au mfumo umezimika. Meneja akiwa wa kwanza kuivunja kanuni hii, hakuna mwingine atakayeifuata.

Afisa anayekwenda kudai asiende peke yake mahali pasipojulikana, wala asikabidhiwe fedha taslimu za marejesho njiani. Wadaiwa wengi ni majirani zake, anasali nao na watoto wao wanasoma pamoja, na uzito wa kumdai jirani hauonekani kwenye ripoti yoyote. Mpe nafasi ya kukabidhi jalada kwa mwenzake pale uhusiano unapokuwa wa karibu mno.

Mwili wa anayekaa kaunta

Keshia hawezi kuinuka na kwenda msalani kama karani wa ofisi nyingine. Lazima afunge droo, atoke kwenye mfumo na aombe radhi kwa foleni. Wapo wanaoacha kunywa maji kuanzia asubuhi ili kuepuka usumbufu huo, na wengi wao ni wanawake. Dawa yake ni kumpanga mtu mmoja wa kupokezana kaunta kwa ratiba, mwenye droo yake mwenyewe, ili kila keshia apate dakika zake katikati ya asubuhi na saa yake ya chakula. Sheria inataka mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na mwisho wa mwezi haukuondolewa. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili hiyo; mpangie kaunta inayofunga mapema na chumba chenye mlango unaofungwa, siyo stoo ya karatasi.

Viti, feni na vipaza sauti vya kuongelea kwenye vioo ni mambo ya matengenezo, yaandikie maombi na uyafuatilie. Ikitokea uvamizi, usimrudishe aliyeelekezewa silaha kwenye kaunta ileile kesho yake asubuhi. Mpe muda, mpeleke kwa mshauri wa afya ya akili, na hakikisha tukio limeripotiwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hata kama hakuna aliyetoka damu.

Likizo na uhamisho

Likizo ya mwaka ni siku 28. Benki nyingi hutaka sehemu yake, kwa kawaida wiki mbili, ichukuliwe mfululizo, kwa kuwa udanganyifu mwingi hujitokeza mhusika anapokaa mbali na meza yake. Basi hapa udhibiti na mapumziko vinadai kitu kimoja, na meneja anayempigia simu aliye likizoni kumwomba neno lake la siri la mfumo ameviharibu vyote viwili. Panga ratiba ya likizo ya mwaka mzima mwezi Januari, na kila anayeondoka aandike makabidhiano ya ukurasa mmoja.

Uhamisho huamuliwa juu, lakini maoni ya meneja huombwa. Mfanyakazi mwenye watoto wa shule akihamishwa Desemba, mwaka wa masomo ukiwa umekwisha, familia husogea pamoja. Akihamishwa Aprili, mara nyingi huenda peke yake, na nyumba mbili huendeshwa kwa mshahara mmoja. Andika maoni hayo kwenye barua yako hata kama hujaombwa kwa jina.

Sikiliza, kisha pima tena

Mara moja kwa mwezi fanya kikao cha nusu saa asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, chenye swali moja tu: ni kitu gani kilikuchelewesha au kukuumiza mwezi huu? Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kama tawi lina wanachama wa TUICO au chama kingine, awepo kama mshiriki wala asichukuliwe kuwa mpinzani, maana malalamiko yanayopata njia ndani ya tawi hayana haja ya kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Yaliyo katika uwezo wako yatekeleze kabla ya kikao kinachofuata, na yaliyo juu yako yaandike kwenda makao makuu, kisha wasomee nakala ya barua hiyo.

Baada ya miezi mitatu rudisha lile daftari kwa wiki mbili nyingine, mwisho wa mwezi ukiwamo. Linganisha saa aliyotoka mtu wa mwisho zamani na sasa, na hesabu upungufu na ziada zilizoandikwa. Usishtuke idadi ya upungufu ikiwa imepanda: katika miezi ya mwanzo hiyo ni ishara kwamba watu wameanza kusema kweli. Hesabu hizo zibandike kwenye chumba cha chakula, karibu na kifungu cha 28, na nakala itumwe kwa meneja wa kanda pamoja na maombi ya mashine ya pili ya kuhesabia noti.